Diski ya Kukhu

Kuna kimya fulani cha sebuleni ambacho sitaki kukisikia tena. Watu ishirini na kitu wamekaa kwa viti na kwa mikeka, wengine wamesimama mlangoni na vikombe vya chai, wote wanaangalia TV ya inchi 21, zile za zamani zenye mgongo mkubwa. Mashine ya DVD inazungusha diski, inakwaruza, inanyamaza, inazungusha tena. Halafu inaandika kwa skrini kwamba haioni diski.

Haioni diski, na mimi ndiye nimeiweka kwa mkono wangu.

Hiyo ilikuwa Desemba, huko Malava, kaunti ya Kakamega, nyumbani kwa guka wangu. Guka tulimzika Agosti. Mimi ndiye nilipiga video ya mazishi, kwa sababu kwa familia yetu mimi ndiye "mtu wa video". Kama wewe ni mgeni hapa, mimi ni yule msee aliyeacha chuo mwaka wa pili, na hiyo story nimeisimulia mara nyingi kuliko inavyofaa. Kitu sijawahi kuandika ni kwamba karo yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwa ng'ombe wa guka. Ng'ombe alikuwa anaitwa Zawadi. Guka alimuuza asubuhi moja, akatuma pesa, na nilipoacha chuo hakuniuliza kitu. Aliniuliza tu kama nakula vizuri Nairobi.

Kwa hivyo mkiniuliza mbona nimeandika post nzima kuhusu DVD wakati huu watu wako na fibre kwa nyumba, sababu ni hiyo. Nilikuwa na deni.

Siku ya mazishi kukhu hakuona chochote. Presha ilipanda alfajiri, akakimbizwa hospitali, na aliporudi siku mbili baadaye alikuta udongo umeshafunikwa na maua yameanza kunyauka. Mtu aliyeishi na guka zaidi ya miaka hamsini ndiye pekee hakumwona akiondoka. Senge wangu, dada mkubwa wa baba, akaniambia, "Tengeneza ile CD. Mama aone." Akapanga pia kila nyumba inunue moja, nakala 30, kila moja bob 200. Nusu ya pesa akanitumia hapo hapo.

Najua mmoja wenu tayari anaandika, "Si ungepandisha YouTube?" Kukhu hana simu ya kuguza. Ana kabambe ya vitufe, na hata hiyo inakaa kabatini ikisubiri mtu wa kuipigia. Ukisema WhatsApp, WhatsApp inaifinya video hadi sura inakuwa uji. Flash? Mashine yake ina tundu la flash, lakini mtoto wa senge alilitia biskuti. Na flash ikiazimwa kijijini inarudi na nyimbo za mtu mwingine, kama inarudi. Diski ukishaichoma hakuna mtu atafuta mazishi ya guka aweke movie ya DJ Afro.

Basi acha niwaambie nilivyoharibu.

Nilipiga kwa simu, 4K, fremu 30 kwa sekunde. Beshte yangu akanikopesha kamera ya pili. Nikahariri wiki mbili, nikaweka rangi, nikaweka majina kwa maandishi membamba meupe chini kabisa ya picha, manze ilikuwa inakaa kama Netflix. Nikatoa faili moja ya MP4, kodeki ya H.264, gigabaiti nne na kidogo. Nikaona vizuri kwamba inaingia kwa DVD ya 4.7. Nikaikokota ile faili nikaidondosha kwa diski, nikachoma nakala 30, nikazibandika stika yenye picha ya guka. Nikajaribu moja kwa laptopu yangu. Ikacheza. Nikapanda basi la usiku nikiwa na furaha ya mtu asiyejua chochote.

Laptopu yako itacheza kila kitu, kwa hivyo ushahidi wake hauna maana. Ni sawa na kumuuliza mama yako kama unaimba vizuri.

Mashine za DVD ni za kizazi kingine. Za kwanza ziliuzwa Japani mwaka 1996. H.264, ile kodeki tunayotumia kila siku bila kuifikiria, ilitoka 2003. Hata kama mashine ya kukhu ilinunuliwa miaka kumi baadaye, ndani yake iliundwa kufuata sheria za zamani: picha iwe ya MPEG-2, sauti iwe AC-3 au PCM au MP2, na faili zikae ndani ya folda inayoitwa VIDEO_TS, zimekatwa vipande visivyozidi gigabaiti moja, na faili nyingine ndogo za kuielekeza mashine ianzie wapi. Ikikosa hiyo folda, mashine nyingi hazina habari na wewe. Kuna zingine zinaweza kusoma faili za AVI za Xvid au DivX, na za karibuni zaidi zinasoma MP4, lakini hiyo ni bahati ya mtu na mashine yake. Nilichompelekea kukhu ilikuwa diski ya data. Ni kama kumpelekea mtu unga umwambie ni ugali.

Sasa rudi sebuleni. Nilijaribu diski ya pili, ya tatu, ya saba. Baba mdogo alikuwa ameketi karibu na dirisha. Yeye ndiye alimpeleka Zawadi sokoni, akamshika kamba mpaka mnunuzi akahesabu pesa. Hakuinua sauti. Alisema tu, "Ng'ombe mzima. Na hata CD haichezi."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kukhu ndiye aliniokoa. Yeye huniita mume wangu, vile nyanya wengi huwaita wajukuu. Akasema, "Labda mzee hajataka kuonekana leo. Mpeeni mume wangu chai." Baadaye nilikaa kando yake nikamwekea video kwa simu. Kukhu ana mtoto wa jicho, jicho la kushoto karibu halioni. Akaangalia kwa adabu, dakika nzima, halafu akasema, "Naona kitu cheupe."

Kitu cheupe kilikuwa jeneza.

Januari nikaenda River Road. Wale mnaoijua mnajua: ngazi za giza, vyumba vya kurekodi, maduka ya simu, na wazee ambao walitengeneza kanda na VCD za muziki wa nusu ya nchi kabla hujazaliwa. Niliulizauliza mpaka nikaelekezwa kwa fundi mmoja orofa ya tatu, mzee mpole mwenye miwani imefungwa waya. Nikamweleza shida. Nilidhani ataniuliza programu gani nilitumia. Akaniuliza, "Hii itachezwa kwa mashine gani?"

Nikamwambia DVD.

"DVD gani? TV gani? Rimoti iko?"

Sikujua. Nilikuwa nimetumia wiki mbili kuchagua rangi na sikujua hata moja ya hizo. Ikabidi nimpigie senge, apige picha ya mgongo wa mashine na ya TV, anitumie. TV ya umbo la 4:3. Mashine imeunganishwa na zile nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Rimoti ilipotea tangu mwaka juzi. Fundi akaangalia hizo picha akatikisa kichwa kama daktari aliyeona eksirei nzuri. "Sasa tunaweza kuanza."

Kitu cha kwanza alinionyesha ni hesabu, na hii naomba mkae nayo kwa sababu hakuna mtu kwa YouTube aliwahi kunieleza nikaelewa. Alisema diski ni jerikani. Ukubwa wake haubadiliki: gigabaiti 4.7 kwa lugha ya aliyeiuza, ambazo kompyuta itakuonyesha kama 4.38 hivi kwa sababu inahesabu kwa njia yake. Unazidisha 4.7 kwa 8 ili baiti ziwe biti, unapata megabiti kama 37,600. Hayo ndiyo maji yote uliyo nayo. Sasa gawanya kwa sekunde za video yako. Jibu ndilo bitireti, yaani kila sekunde ya filamu itakunywa kiasi gani.

Video yangu ya kwanza kabisa, kabla sijaipunguza, ilikuwa masaa manne, kwa sababu familia ilisema nisikate mtu. Masaa manne ni sekunde 14,400. Gawanya: megabiti 2.6 kwa sekunde, na hapo bado hujatoa ya sauti. Kwa MPEG-2, ambayo ni kodeki ya zamani na inakula sana, hiyo ni njaa. Fundi akanichomea kipande cha dakika tano kwa hiyo bitireti, tukakiweka kwa TV yake ya zamani. Wakati pasta amesimama, sawa. Kwaya ilipoanza kuyumba, nyuso zote zikageuka vijisanduku. Majani ya miti nyuma yao yalikuwa yanachemka.

"Huu ni umaskini wa biti," akasema. "Kata video, ama ongeza diski."

Na kukata kukaleta siasa. Kwa hayo masaa manne, ya waheshimiwa peke yake yalikuwa karibu saa moja na nusu. Mmoja alizungumza dakika 34, na jina la guka alilitaja mara mbili, moja akalikosea. Mimi ningemtoa mzima mzima. Lakini baba mdogo alikuwa kwa kamati, na kwake yeye kuja kwa mheshimiwa ndiko kulionyesha guka alikuwa mtu wa maana. Nilimpigia simu. Tuliongea dakika tatu, mbili zikiwa kimya. Tukakubaliana diski mbili: ya kwanza mazishi, ya pili hotuba, anayetaka ya pili aongeze bob 100.

Diski ya kwanza ikabaki dakika 110. Hizo ni sekunde 6,600. Sasa kila sekunde inapata karibu 5.7. Ukitoa sauti ya AC-3 kwa kilobiti 192, na ukiacha nafasi kidogo ili diski isijae mpaka ukingoni, picha inabaki na 5.2. Hiyo ni afya. Ukiwa na video ya saa moja, hesabu itakupa zaidi ya 10, lakini usiifuate: sheria ya DVD inakomesha picha kwa 9.8, na diski za kuchoma nyumbani hazipendi kukimbizwa hivyo, mashine za zamani zinakwama. Fundi havuki 8. Na kama programu yako inakupa kuchagua mbio mbili, chagua. Inapita mara ya kwanza kusoma video yote, mara ya pili inagawa maji: pasta aliyesimama anapewa kidogo, kwaya inayoyumba inapewa kingi. Inachukua muda mara mbili. Nenda ukapike.

Halafu kuna ukubwa. Hii iliniuma. Simu yangu ilipiga 4K, fremu yenye upana wa pikseli 3,840. DVD ya nchi zilizotumia PAL, na Kenya ni moja, ni 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Basi. 4K yako yote inaishia hapo. Ila haikuwa bure kabisa, na hapa fundi alinipa wazo bora kuliko yote.

Video yangu ilikuwa pana, 16:9. TV ya kukhu ni 4:3. Kuna njia mbili za kawaida. Unaweza kuweka alama ya 16:9 kwa diski na kuiachia mashine ijipange, lakini kama mashine imewekwa vibaya na rimoti haiko, watu wote wanakuwa warefu wembamba kama milingoti ya stima. Ama unaweza kuichapa picha pana ndani ya fremu ya 4:3, mistari myeusi juu na chini, na kwa 576 za urefu unabaki na 432 tu za picha. Kwa TV ya inchi 21, kwa mtu mwenye jicho moja, hiyo ni dirisha la choo.

Fundi akasema, "Wewe una picha kubwa hivi. Kwa nini usikate pembeni?"

Nikarudi kwa meza ya kuhariri nikaikata mazishi yote upya, picha kwa picha, 4:3. Kwa sababu nilipiga 4K, ningeweza kuvuta karibu mara tatu, hata nne, na bado nikawa na pikseli za kutosha kujaza 720. Zile picha zangu pana za kisanii, mlima wa watu na mti wa parachichi kando, zikafa. Badala yake nyuso zikajaa skrini. Senge akilia. Pasta. Jeneza kutoka kifuani mwa wabebaji. Nilikuwa nimezipiga zile picha nikifikiria watu wa Instagram, na mtu niliyetengenezea alikuwa anakaa mita mbili kutoka kwa kioo kidogo chenye mgongo.

Maandishi pia. TV za zamani zinakula kingo za picha, unaweza kupoteza asilimia tano kila upande. Majina yangu membamba chini kabisa yangekatwa miguu. Nikayapandisha, nikayafanya manene, ya manjano na kivuli cheusi. Beshte yangu aliona akasema inakaa kama video ya injili ya 2006. Nikamwambia asante.

Fremu 30 kwenda 25 ni jambo ambalo halina tiba kamili, kwa hivyo nitasema haraka: kila fremu sita, moja inatupwa, na kitu kinachopita polepole kinaonekana kikiruka. Msafara wa kwenda kaburini ulikuwa unachechemea. Niliufupisha nikatumia picha za kusimama. Siku hizi kazi yoyote inayoelekea kwa diski naiweka kamera 25 tangu mwanzo, shata 1/50, ambayo pia inaelewana na stima yetu ya hezi 50, kwa hivyo taa za tyubu haziwaki-waki kwa picha. Ungeweza kutengeneza diski ya NTSC, ile ya Marekani, inayobeba 29.97, na mashine nyingi za huku zitaikubali. TV za zamani ndizo zinaweza kugoma, picha ikawa nyeusi na nyeupe ama ikapanda juu kama lifti.

Na simu, wasee, simu zinadanganya. Zinasema 30 lakini mwanga ukipungua zinashuka 27, 24, zinapanda tena. Kwa simu huoni. Ukigeuza kuwa DVD, sauti inaanza kuacha midomo. Dakika ya 90 kwaya yangu ilikuwa inafunga mdomo na bado inaimba. Dawa ni kupitisha klipu zote kwa HandBrake kwanza, bila malipo, uchague fremu zisizobadilika, ndipo uhariri. Nilijifunza hiyo baada ya kuhariri. Nilihariri tena.

Kupanga diski yenyewe nilitumia DVDStyler, ya bure pia. Inakuuliza PAL au NTSC, umbo, bitireti, inatengeneza ile folda ya VIDEO_TS. Inakupa pia menyu nzuri za kubonyeza, na nilikuwa nimeshatengeneza moja yenye picha ya boma na vitufe vitano. Fundi akaniangalia. "Rimoti iko wapi?" Nikafuta menyu. Diski ya kukhu ukiiweka inaanza yenyewe, na ikiisha inaanza tena. Hakuna kitu cha kubonyeza. Eneo niliacha wazi, sikuifungia sehemu yoyote ya dunia, kwa sababu diski rasmi za upande wetu ni za eneo la 5 na nina binamu Uingereza ambako ni la 2.

Kuchoma: DVD-R, kwa sababu mashine za zamani zinaielewa kuliko ile ya alama ya kujumlisha. Kasi ya 4, hata kama kwa pakiti wameandika 16. Diski iliyojaa inachukua kama robo saa, kwa hivyo nakala 30 ni karibu masaa nane, na nyumba yangu Umoja stima hupotea saa yoyote inayojisikia. Niliharibu tatu hivyo. Ukimaliza, diski ifungwe, yaani usiiache wazi ya kuongezewa baadaye, maana mashine ya sebuleni haisomi iliyo wazi. Na hakuna stika. Ile karatasi yenye sura ya guka niliyoibandika Desemba inapinda kwa joto na inafanya diski iyumbe ikizunguka. Nikaandika kwa kalamu ya wino laini, jina na tarehe, mwandiko wangu mbaya.

Kabla ya kuchoma zote nilichoma moja tu, nikaizungusha mtaani. Kwa fundi ikacheza. Kwa mama mwenye nyumba wangu ikacheza, akaangalia dakika arobaini za mazishi ya mtu asiyemjua na akalia, akasahau nina deni la kodi. Kwa kibanda cha kinyozi ikakwama dakika ya 71. Nikarudi, nikashusha bitireti hadi 4.8, nikachoma nyingine. Ikapita.

Jambo moja niliongeza bila kuulizwa na mtu. Kwa simu yangu ya zamani, iliyopasuka kioo, kulikuwa na klipu ya sekunde 40. Nilipiga nikiwa kidato cha nne, wima, bila sababu. Guka anamkamua Zawadi na anamwongelesha, anamwambia atulie, mvua inakuja. Picha ya wima kwa TV ya 4:3 inabaki mstari mwembamba katikati, haifiki hata nusu ya upana. Nikaikata kutoka kiunoni kwenda juu. Ikawa na chenga, bila shaka. Nikaiweka mwisho kabisa, baada ya kaburi.

Nilirudi Malava Pasaka. Safari hii sikutaka watu, lakini huwezi kuzuia watu Malava. Sebule ikajaa vile vile. Baba mdogo dirishani vile vile. Niliweka diski, mkono unatetemeka kusema ukweli, mashine ikazungusha, ikakwaruza, na senge akatokea kwa skrini, uso wake umejaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Kukhu alivuta kiti mpaka magoti yakagusa meza ya TV. Hakulia. Alikuwa anahesabu. "Huyo alikuja? Na yule wa Lugari alikuja? Kumbe alikuja." Jeneza lilipopita akanyamaza, akalifuata kwa kidole kwenye kioo, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka likatoka. Sauti ya kwaya ilikuwa mahali pake. Nilikuwa naangalia midomo yao tu, mimi, dakika ya 90, sikupumua.

Halafu guka akatokea na ndoo.

"Huyo ni Zawadi," kukhu akasema kwa sauti, kama mtu ameitwa mlangoni. Watu wakacheka. Kwa dirisha baba mdogo alisimama, akasogea karibu, akaegemea nyuma ya kiti cha kukhu. Sekunde 40 zikaisha, skrini ikawa nyeusi, na kwa sababu hakuna menyu, senge akatokea tena, uso mzima. Kukhu akaturudisha wote kukaa. Tuliangalia mara mbili na nusu. Nusu ni kwa sababu stima ilipotea.

Jioni baba mdogo alinifuata kwenye zizi. Akanunua diski ya pili, ya hotuba, akanipa 200 akakataa chenji. Akasema binti yake anamaliza chuo mwaka huu, mahafali ni Novemba, na kama nina nafasi nipige video. Nikamwambia nina nafasi.

Nikamuuliza wataiangalia kwa mashine gani. Akasema ataenda kuangalia mgongo wa TV.